Karani Huandika Kila Anachosikia

Sponji ya kipaza sauti ilikuwa imeloa. Cheche aliigusa kwa mdomo wa chini, kama alivyozoea kufanya ili ajue iko umbali gani na meno yake, akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyebusu konokono.

"Nani katemea hiki kitu?"

"Hakuna aliyetema," shemeji yake alijibu kutoka upande wa mlango. "Nilikuwa naijaribu tu. Aloo, aloo. Mpiga picha alitaka kujua kama inafanya kazi."

"Ulikuwa unaijaribu au unailamba?"

"Punguza ukali, shemeji. Leo siku ya furaha."

Furaha hiyo ilinuka vitunguu na sigara. Hedifoni nazo zilikuwa na joto la masikio ya mtu mwingine, na kwenye ngozi laini ya vifuniko vyake kulikuwa na utando wa nta uliomnata Cheche kwenye kidole gumba. Alikifuta kidole kwenye suruali. Akakifuta tena. Kuna vitu mtu hatakiwi kugawana na mtu hata kama amemwoa dada yake.

Jina la Cheche alilipata zamani, alipokuwa fundi wa kuchomea vyuma, na lilibaki naye hata baada ya mtungi wa gesi kupasuka na kuondoka na nuru ya macho yake yote mawili, vidole vyote vya mkono wa kulia na vingi vya kushoto. Siku hizi alifanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari yaliyotumika, mali ya kaka mkubwa wa mkewe. Kazi yake ilikuwa kujibu wateja. Mtu anaandika kwa simu kwamba anatafuta mlango wa nyuma wa kushoto, Cheche anamjibu upo au haupo. Ukiingia mzigo mpya, yeye ndiye anayewatangazia wateja wote kwa mpigo mmoja, na wengi wao walikuwa watu wa gereji, mafundi wenzake waliomjua tangu akiwa na macho.

Yote hayo aliyafanya kwa programu mbili ndani ya kompyuta moja. Moja ilisikiliza sauti yake ikaandika. Hiyo aliiita Karani. Nyingine ilisoma kwa sauti kila kilichokuwa kwenye skrini. Hiyo aliiita Msomaji. Msomaji alikuwa na Kiswahili cha mgeni aliyejifunzia kitabuni, hapandishi wala hashushi, lakini alikuwa mkweli. Ulichosema ndicho alichokurudishia sikioni, uzuri wake na ubaya wake. Karani naye hakuwa na akili wala haya. Aliandika kila alichosikia, awe amesema Cheche, awe amesema mpita njia. Ndiyo maana Msomaji alifungiwa ndani ya hedifoni, asisikike nje. Hao wawili wakisikiana tu, kazi imeharibika.

Tatizo la Cheche lilikuwa kaunta. Shemeji alimweka palepale kwenye kaunta, katikati ya makelele ya wanunuzi na wabeba mizigo. Wiki iliyopita mteja aliulizia bampa ya mbele akajibiwa hivi: "Bampa ya mbele ipo nyeusi usinipandishie sauti mimi si mtoto mwenzako bwege wewe." Sehemu ya pili ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa anagombania taa na muuzaji. Kabla Msomaji hajafika huko, Cheche alikuwa ameshatuma. Yule mteja aliandika kwa unyonge: "Kaka, nimekukosea nini?"

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea viti vya magari. Kilikuwa na mlango unaofungika. Cheche hakutaka kingine chochote duniani isipokuwa kile chumba. Alikiomba kwa upole, akakiomba kwa ugomvi, akamtuma mkewe akakiombe. Kila mara shemeji alikuwa na la kusema, mara mzigo unakuja, mara kuna panya. Halafu jana akaibuka na lake. Anataka kutengeneza video ya kulitangaza duka. Cheche akae mbele ya kamera dakika chache, aonyeshe anavyofanya kazi, na chumba ni chake siku hiyohiyo.

"Dakika chache tu," mkewe alimwambia asubuhi akimfunga vifungo vya shati alilolipiga pasi. "Ukae, useme, uondoke. Usianze ubishi wako, baba watoto."

"Mimi mbishi?"

"Wewe ukiambiwa jua linawaka unauliza nani kaliwasha."

Naye alikuja pia dukani, kwa kuwa kaka yake alitaka awepo. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari ambacho dukani walikitumia kama benchi. Kila alipojisogeza, springi zililia.

"Tuanze na hii," mpiga picha alisema. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kuchoka, anatafuna ubani kwa mdomo wazi, na Cheche alisikia kila mate yalipozunguka. Kitu cha plastiki kiliwekwa mbele yake kwenye meza.

"Nini hii?"

"Miwani nyeusi, mkubwa. Uvae."

"Mimi sivai miwani."

"Najua. Lakini macho yako yanaonekana mazima. Yananichanganya. Mtu atadhani unaona."

"Si nitasema kwamba sioni?"

"Vaa, shemeji," shemeji akaingilia. "Watu wa video hawasikilizi. Wanaangalia tu."

Cheche aliivaa. Ilimbana masikio, na juu yake zikaja zile hedifoni zenye nta. Halafu, bila hodi, vidole vya mpiga picha vyenye unyevu vikamshika mkono wa kulia, kile kigutu chake, vikauweka juu ya meza. Vikaugeuza kidogo upande wa mwanga. Vikaugeuza tena, kama muuzaji anayepanga nyanya zake, ile nzuri ikae mbele.

"Hapo hapo," mpiga picha alisema. "Usiutoe. Huo unauma sana."

"Hauumi. Umeshapona."

"Namaanisha mtazamaji utamuuma."

Moyoni Cheche alikuwa anakitazama kile chumba, mlango wake, ukimya wake. Akajikaza.

Walianza na kazi yenyewe, jinsi inavyofanywa. Mpiga picha alimvua Cheche hedifoni asikilize Msomaji anavyosoma, akaruka.

"Hii ni nini? Mbona inalia kama kuku aliyekanyagwa?"

"Anasoma," Cheche alisema. "Nimemweka mwendo wa mbio. Nikimwacha asome kama nyinyi mnavyosoma, nitajibu wateja watatu kwa siku."

"Haieleweki. Ipunguze."

Alimpunguza Msomaji mpaka akawa anaburuza maneno kama mlevi anayetafuta kitasa. Ilimkera kuliko alivyotegemea. Zile mbio alizipata kwa jasho, kidogo kidogo, siku baada ya siku, na sasa ilibidi atembee mwendo wa mtoto ili mgeni asione shida.

"Safi. Sasa tuweke kwenye spika," shemeji alisema. "Watu wasikie kompyuta inaongea. Hicho ndicho kitakachowaua."

"Haiwezekani. Msomaji akisikika nje, Karani ataandika anachosema Msomaji."

"Karani yupi?"

"Shemeji, nimekueleza hili mara ngapi? Hii moja inaandika inachosikia. Hii nyingine inasoma kilichoandikwa. Ukizikutanisha..."

"Shemeji, shemeji. Usituletee ufundi. Weka spika."

Mkewe alikohoa kutoka kwenye kiti chake. Kilikuwa kile kikohozi cha kusema acha ubishi. Spika ikachomekwa.

"Taa ya nyuma ya kulia ipo nukta," Cheche alisema, maana Karani huambiwa hata alama za kuandika.

Karani akaandika. "Taa ya nyuma ya kulia ipo," Msomaji akasema kwa sauti ya kujaza duka zima. Karani akasikia, akaandika tena. Msomaji akaona maneno mapya, akayasoma. Karani akayasikia.

"Mbona hivi?" shemeji aliuliza.

"Taa ya nyuma ya kulia ipo mbona hivi," spika ilisema. "Taa ya nyuma ya kulia ipo mbona hivi taa ya nyuma."

"Zima! Zima bwana!"

"Mbona hivi zima zima bwana taa ya nyuma ya kulia ipo zima."

Mpiga picha aliangua kicheko, na Karani, ambaye hakujua kicheko ni kitu gani, alijitahidi akaandika "haya haya haya", Msomaji akakisoma kwa uzito wote kama tangazo la msiba. Wabeba mizigo nje walikuwa wanashikilia mbavu. Mnunuzi mmoja aliuliza kama kuna mtu kapandwa na wazimu. Cheche alibonyeza kwa kifundo cha mkono, spika ikakata.

Hakucheka. Siku nyingine angecheka.

"Basi, hii haifai," mpiga picha alisema akijifuta. "Tuigize. Wewe mkubwa ukae tu, uchezeshe midomo. Mimi nyumbani nitaweka maandishi yanatokea kwenye skrini. Na sauti ya kompyuta tutamtafuta dada mmoja mwenye sauti tamu. Itapendeza kuliko hii yako."

"Lakini hii yangu ndiyo inayofanya kazi."

"Ndiyo, lakini haionekani kama inafanya kazi."

Kitu chenyewe kipo, kinafanya kazi kila siku, kinawalisha wanawe, na hakifai. Uongo wake ndio unaofaa. Cheche alijisikia kama amekula kitu kilicholala.

"Hilo la mitambo tumemaliza," shemeji alisema, na sauti yake ikaja karibu, na vitunguu vikaja nayo. "Sasa maneno. Nimeyaandika vizuri. Nakusomea, wewe unasema baada yangu. Ukiweza ulie kidogo. Si lazima, lakini ukiweza." Akakohoa. "Nilikuwa naombaomba barabarani. Hata mke wangu alikuwa amekata tamaa na mimi. Ndipo shemeji yangu akanionea huruma. Akaninunulia kompyuta hii, akanifundisha kuitumia kwa subira kubwa. Leo mimi ni mtu tena. Nunua vipuri hapa, usaidie watu kama mimi."

Springi za kiti zilikuwa zinalia muda wote. Sasa zilinyamaza.

Cheche hakuwahi kuomba barabarani hata siku moja. Baada ya ajali alilala kwenye godoro uso umeelekea ukutani, hilo kweli, kwa muda mrefu wa kutia aibu. Lakini kompyuta hakuinunua shemeji. Mkewe aliuza cherehani yake, ile iliyokuwa inamshonea majirani nguo, na kilichopungua walichangishana watu wa gereji, wachomaji na wanyoosha bodi, watu wenye kucha nyeusi. Na aliyemfundisha alikuwa fundi wa kupaka magari rangi, rafiki yake, aliyekuja kila baada ya kazi akinuka thina ya rangi, akakaa naye sakafuni, wakawa wanamtukana Karani pamoja mpaka alipoelewa. Hao wote ni wateja wa duka hili. Hao wote wangeiona video.

"Anza," shemeji alisema. "Nilikuwa naombaomba barabarani."

Chumba, Cheche alijiambia. Mlango unaofungika. Alirudisha hedifoni kwenye kompyuta, maana bila Msomaji sikioni alijiona yuko uchi, na kifundo chake kikamfungulia Karani kipaza sauti kwa mazoea tu, bila hata kufikiri.

"Nilikuwa naombaomba barabarani," alisema.

"Nilikuwa naombaomba barabarani," Msomaji akamwambia sikioni.

Akasema kwa sauti ileile anayosomea ekzosi na vioo vya pembeni. Hakukejeli wala hakushangaa. Aliyapokea kama yanavyopokelewa maneno ya kweli, akamrudishia mwenyewe. Mtu mwingine akisema uongo, unamtoka, unapotelea hewani. Ule wa Cheche ulirudi ukaingia kichwani.

"Futa," alisema.

"Futa nini?" mpiga picha aliuliza.

"Sikuambii wewe. Namwambia Karani."

"Endelea, shemeji. Hata mke wangu alikuwa..."

"Hata mke wangu," Cheche alisema.

"Hata mke wangu," Msomaji alisema.

"Futa. Futa yote." Aliivua ile miwani akaiweka mezani. "Siwezi. Nitatapika hapa."

Shemeji alimshika bega akaliminya, akainama mpaka pumzi yake ikampiga shavuni. "Sikiliza. Ni maneno tu. Kila mtu anatia chumvi kwenye matangazo. Unakitaka chumba au hukitaki?"

"Umewahi kunifundisha nini wewe? Hata kuiwasha hujui."

"Nimekupa kazi."

"Umenipa kazi, nashukuru, sema hivyo. Hiyo ni kweli. Mbona hukuiandika?"

"Kwa sababu haiuzi!" Shemeji aliliachia bega. "Basi. Mpiga picha, una picha za kutosha?"

"Ninazo. Mkono ninao, miwani ninayo, hapa alipoinama anaonekana kama analia. Maneno tutamwekea sauti ya mtu mwingine. Nina mmoja ana sauti ya huzuni, hata mawe yatalia."

"Umesikia? Atakuwekea sauti. Kwa hiyo nuna utakavyo."

Cheche alidhani ameshafika mwisho wa kinyaa chake, kumbe alikuwa mlangoni tu. Uso wake, kigutu chake, na mdomo wa mtu asiyemjua ukimsemea kwamba mkewe alimkatia tamaa. Aliivuta sponji karibu, ile iliyoloa, na safari hii hakurudisha kichwa nyuma. Kifundo chake kikaufungua ukurasa wa matangazo ya mzigo mpya, ule unaokwenda kwa wateja wote.

"Wateja wetu mkato," alisema kwa sauti ya kazini, "mimi ni Cheche ninayewajibu hapa dukani nukta."

"Unafanya nini?" shemeji aliuliza.

"Mtaona video yangu inayosema kwamba nilikuwa ombaomba nukta. Ni uongo nukta. Sauti mtakayosikia si yangu nukta."

"Wewe! Acha hiyo kitu!"

"Kompyuta hii ilinunuliwa na mke wangu na mafundi wa gereji nukta. Shemeji hakutoa hata waya nukta. Aya mpya."

"Tusielewane vibaya!" Hatua za shemeji zilikuja mbio, zikasimama. Cheche alikuwa amekilaza kiwiko chake mbele ya kibodi kuikinga, na kila mtu pale dukani alijua kwamba neno moja tu lilibaki kutoka mdomoni mwake. Lile "tusielewane vibaya" nalo Karani aliliandika, Msomaji akamnong'oneza, Cheche akasema "futa mstari" likaondoka pamoja na maneno mengine ya shemeji, kisha akafunga kipaza sauti.

"Nimeshaandika," alisema. "Bado sijatuma. Wewe futa yako, mimi nifute yangu. Chumba kaa nacho."

Halafu shemeji akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

"Haya, haya. Ndugu tunagombana kwa video? Mpiga picha, futa."

"Nifute?"

"Futa bwana, nimesema."

Ubani ukazunguka. Vidude vya kamera vikalia, kitu kikabonyezwa, kingine kikabonyezwa. "Tayari," mpiga picha alisema. "Imekwenda."

"Umeridhika?" shemeji aliuliza. "Futa na yako."

Cheche aligeuza uso kuelekea kwenye kile kiti cha gari. Kwenye mambo mengi alikuwa amejifunza kumtegemea Msomaji. Lakini Msomaji hakuwa na macho ndani ya kamera ya mtu.

"Mama watoto," alisema. "Mimi sioni. Imefutwa?"

"Mwambie," kaka yake alisema kwa upole mwingi. "Mdogo wangu, mwambie mumeo twende tukanywe chai."

Cheche alisikia springi zikiachia uzito, viatu vya mkewe vikivuka sakafu, vikisimama pale sauti ya ubani ilipokuwa. Alijua mkewe anachopima. Huyu ndiye kaka aliyemlea baada ya baba yao kufariki, aliyesimama siku ya harusi yao. Na asubuhi ile ile yeye mwenyewe alikuwa amemwambia Cheche asianze ubishi.

"Amezima kioo tu," mkewe alisema. "Hajafuta kitu. Bado umo humo."

"Mdogo wangu!"

Cheche akafungua kipaza sauti. "Tuma," alisema.

"Ujumbe umetumwa kwa wateja wote," Msomaji alisema sikioni, bila haraka.

Shemeji alilipuka. Aliwaita mafisi, akawaita wachawi, akamuuliza dada yake kama hiyo ndiyo shukrani ya damu moja. Mpiga picha alikuwa anakunja miguu ya kamera kwa haraka ya mtu asiyetaka kuwa shahidi.

"Ningekufichia mengi, kaka," mkewe alisema. "Ila cherehani ilikuwa yangu. Nilikaa nayo miaka yote ya usichana wangu. Leo unaniambia nilikata tamaa?"

Simu ya duka ikaanza kulia. Ikakata, ikalia tena. Shemeji alivuta pumzi mara moja, akaipokea, na matusi yote yakawa asali. "Karibu kiongozi wangu! Ndiyo, ndiyo, nimeuona huo ujumbe. Ah, utani tu wa shemeji yangu, unamjua alivyo. Tunapendana sana. Mimi ndugu yule ni kama jicho langu..."

Cheche alianza kuchomoa nyaya kwa gumba na kidole kimoja kilichopinda, alivyobaki navyo mkono wa kushoto, moja moja. Mkewe akaja akashika kompyuta upande wa pili.

"Harakisha, nitoe humu," Cheche alimwambia, mkono umeziba mdomo. "Sitanii. Sakafu ya watu itachafuka."